Fundi wa Chumba cha Sinema na Pumzi Iliyotoka Sakafuni

Saa nne asubuhi, na Rejimon Chacko anatambaa. Amevua viatu, amekunja suruali hadi magotini, na anazunguka chumba kisicho na dirisha kwa mikono na magoti, sikio moja likikaribia kugusa sakafu. Juu ya kiti kikubwa cha ngozi, pale atakapoketi mwenye nyumba, ameweka spika ya besi. Spika hiyo inatoa mngurumo mmoja mzito unaotikisa vyombo kabatini sebuleni.

"Usiniulize kitu sasa," ananiambia bila kuinua kichwa. "Nikifika mahali pake nitasimama."

Badala ya kubahatisha spika ikae wapi, fundi huiweka kwenye kiti, kisha yeye mwenyewe hutambaa kando ya kuta akisikiliza. Pale mlio unaposikika safi, haujavimba wala haujakonda, ndipo spika itakapohamishiwa. Leo Rejimon anapapata mahali hapo karibu na mlango. Anachora alama kwa chaki.

Halafu anafanya jambo ambalo mafundi wenzake hawafanyi. Anazima mitambo yote, anawasha mshumaa, anauweka sakafuni, pembe moja baada ya nyingine, na kuutazama mwali. Mwenye nyumba, mstaafu aliyerudi kutoka Kuwait, anamtania kwamba hajawahi kuona spika zikifanyiwa ibada. Rejimon anauhamisha mshumaa. Anangoja hadi mwali usimame wima kwenye pembe ya mwisho, ndipo anapomwambia mzee yule kwamba kazi inaweza kuendelea.

Rejimon ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alijifunza kazi hii Bahrain, alikokwenda kama fundi umeme na kuishia kufunga vyumba vya sinema katika majumba ya matajiri. Aliporudi nyumbani, katika vilima hivi vya miti ya mpira karibu na mji wa Kozhencherry, alikuta kazi inamngoja. Nyumba kubwa zimejaa huku, lakini watu wa kuishi ndani yake wako Ghuba, Kanada na Australia. Wanaobaki ni wazazi. Watoto wasiporudi, hutuma televisheni.

Mwezi mzuri humwingizia rupia kama elfu arobaini. Mvua kubwa zikianza, anaweza kukaa nyumbani wiki nzima akimsaidia mkewe, Lissy, kukausha pilipili jikoni.

"Kazi yenyewe si spika," anasema. "Spika mtu yeyote atanunua. Kazi ni chumba. Picha haitaki mwanga wa nje, kwa hiyo unaziba madirisha. Sauti haitaki mwangwi, kwa hiyo unavika kuta. Ukimaliza, chumba kinakuwa kimya mpaka mtu anasikia damu yake masikioni."

Alikuwa akisema hivyo kwa fahari. Siku hizi anakisema kitu hicho hicho kwa sauti ya chini, na sababu yake ni nyumba ya Aleyamma.

Aleyamma ni mjane wa miaka sabini na minane, na kila mtu kijijini humwita Ammachi, yaani bibi. Anaishi na Omana, mama wa makamo anayempikia. Mwanawe, Eapen, yuko Toronto. Ni Eapen aliyeagiza mitambo na kumpigia simu Rejimon, akimwomba ageuze chumba cha nyuma kiwe cha sinema, mama yake awaone wajukuu kwa ukubwa wa watu halisi na afuatilie misa akiwa ameketi vizuri.

Chumba kile kilikuwa na madirisha mawili yasiyofungika sawasawa. Rejimon aliyaziba kwa matofali. Akaweka mlango mzito wenye mpira pembeni, akapaka kuta rangi nyeusi isiyong'aa, akaning'iniza kiwambo kwa urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Omana alimletea muhogo na mchuzi wa samaki, lakini aliuacha kizingitini. Alimwambia kwamba yeye chumba hicho hukifagia asubuhi tu, na hakusema kwa nini.

Siku ya kutafuta mahali pa spika ya besi, Rejimon alitambaa kama kawaida yake. Alipofika pembe ya mbali, alisikia kitu chini ya mlio. Akazima mashine. Kitu kile kiliendelea.

"Ilikuwa pumzi," anasema. "Inaingia taratibu, inakaa, inatoka taratibu. Nikadhani ni yangu. Nikabana pua na mdomo. Ikaendelea bila mimi."

Alipogeuka, Ammachi alikuwa amesimama mlangoni na leso yake ya kichwani mkononi. Kabla hajafungua kinywa, yule bibi alimuuliza, "Umemsikia?"

"Nimemsikia nani, Ammachi?"

"Varkichan. Mvua ikiwa karibu hupumua kwa nguvu."

Varkichan ndilo jina alilomwita mumewe, Varkey, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Rejimon anasema nywele za mikono zilimsimama, lakini alikuwa na kazi ya mtu na siku za kuimaliza. Aliweka maikrofoni ya kupimia kwenye kiti, akatoka, akafunga mlango, akaiacha kompyuta isikilize chumba kitupu. Kwenye mchoro uliotokea palikuwa na wimbi dogo chini kabisa, likipanda na kushuka, ambalo hakuna spika iliyokuwa imelitoa.

Alitafuta chanzo, akaona ufa mwembamba pale vigae vilipokutana na ukuta. Akaushindilia sufi ya kuzuia sauti, akapigilia ubao juu yake, akatandika zulia. Akapima tena. Mstari ukalala.

Jioni ile aliwaita Ammachi na Omana, akawaonyesha video ya ubatizo wa mjukuu. Picha ilikuwa kali, sauti za waumini zilitoka huku na huko kana kwamba kanisa limehamia nyumbani. Omana alilia kwa furaha. Ammachi alitazama hadi mwisho. Video ilipokwisha, aliinama, akasikiliza, akaenda hadi kwenye ile pembe na kuushika ubao.

"Mwanangu," alisema, "umemziba mdomo."

Rejimon alimweleza kwamba ni hewa tu, nyumba za zamani zina matundu. Bibi hakubishana. Alimshukuru, akamwekea embe kwenye mfuko ampelekee Lissy.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia Rejimon ni kilichokuwa chini ya chumba kile. Kila mtu pale alikijua, na labda ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kukitaja. Palikuwa na kisima. Varkey alikuwa ameshuka humo mwezi wa kiangazi kutoa pampu iliyokwama, akaishiwa nguvu kabla ya kufika nusu ya ngazi wakati wa kupanda. Hewa ya chini ilikuwa imekufa, haina oksijeni. Walimtoa kwa kamba, wakamzika kanisani. Kisima kilifunikwa bamba la zege, na Eapen alipopata kazi nzuri nje alimlipa mkandarasi aongeze chumba, naye akakijenga juu yake.

Kwa miaka yote hiyo, kile kisima kilipopumua, kama visima vifanyavyo mvua ikikaribia, hewa yake mbaya ilitokea kwenye ufa na kupotelea kwenye madirisha mabovu. Sasa madirisha hayakuwapo tena.

Baada ya wiki moja Rejimon alirudi kurekebisha spika, kama afanyavyo kwa kila mteja. Ilikuwa mchana, mawingu yamelalia miti ya mpira, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Omana alikuwa akipeta mchele barazani. Alimwambia kwamba Ammachi yuko ndani tangu walipokula, na kwamba siku hizi analala humo kila mchana na kuamka na kichwa kizito, lakini uso una furaha kama wa bibi harusi.

"Amesema mumewe amesogea karibu," Omana alimwambia. "Mimi nimeshindwa kumtoa. Jaribu wewe, atakusikiliza."

Rejimon aligonga. Hapakuwa na jibu. Alivuta ule mlango mzito, nao ukafunguka kwa sauti ya kitu kinachonyonywa.

Kiwambo kilikuwa kinawaka. Wajukuu walikuwa wakicheka juu yake, wakubwa kama watu, bila sauti. Ammachi alikuwa kwenye kiti, kidevu kifuani. Mbele ya miguu yake palikuwa na picha ya Varkey, na mshumaa uliozimika ungali mrefu. Kule pembeni zulia lilikuwa limekunjwa, ubao umeng'olewa, na kisu cha jikoni kimelala kando ya rundo la sufi.

"Nilisikia pumzi mbili," Rejimon anasimulia. "Ya kwake na ya pembeni. Zilikuwa zinakwenda pamoja. Ya pembeni ikisimama, na yake inasimama."

Aliwasha kiberiti ili auwashe mshumaa, hata leo hajui kwa nini. Alipoushusha mkono, moto ulikufa. Akawasha kingine, nacho kikafa pale pale, kana kwamba amekizamisha majini. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hewa ya humo ilikuwa mbaya.

Alimshika Ammachi kwapani, akamvuta. Anasema alikuwa mzito kupita umbo lake. Omana alimshika miguu mlangoni, wakamtoa hadi barazani na kumlaza kwenye mkeka katikati ya mchele. Mvua ikaanza wakati huo. Matone yaliyoruka kutoka ukingo wa paa yalimpiga usoni, akakohoa, akafumbua macho. Alimtazama Rejimon.

"Kwa nini umenirudisha?" aliuliza. "Alikuwa ananiita kwa jina."

Hospitalini walimweka kwenye oksijeni, akatoka mzima. Eapen alipata ndege na kufika wiki ile ile. Sakafu ilipovunjwa, bamba la kisima lilikutwa limepasuka katikati. Wachimbaji walishusha taa ya moto kwa kamba, nayo ikazimika kabla haijashuka urefu wa mtu. Eapen alikaa ukingoni, akasema kwamba alikuwa ameamini mama yake anapoteza akili, na tayari alikuwa amemtafutia nafasi katika nyumba ya wazee.

Kisima kilijazwa mchanga na udongo mwekundu. Ammachi alisimama na mwavuli wake akitazama kila karai likimwagwa. Hakutokwa na chozi. Madirisha yakafunguliwa tena, Rejimon akayawekea mapazia mazito, akakubali picha ififie kidogo mchana. Alipopima chumba, mstari ulilala.

Nilimtembelea Ammachi nikamuuliza kama bado anamsikia mumewe. Alitikisa kichwa.

"Simsikii. Sasa ndiyo amekufa," alisema. "Jumapili nilikwenda kaburini kwake. Tangu tumzike sikuwahi kwenda. Ningekwendaje, na yeye yuko nyumbani?"

Kuna jambo moja ambalo Rejimon hakumwambia bibi huyo. Aliniambia mimi, kisha akanikataza nisiliandike hadi nipate idhini ya Ammachi. Siku ile, akimvuta kuelekea mlangoni, pumzi ya pembeni ilikatika, na kitu kule kikakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Hewa ya kisima, anasema, hajawahi kuisikia ikifanya hivyo.

Nilimweleza Ammachi. Alikunja pindo la nguo yake, kisha akatabasamu. "Ndivyo alivyokuwa kila asubuhi kabla ya kuomba chai," alisema. "Andika tu."

Rejimon amerudi kwenye kazi zake. Sasa, kabla ya kutaja bei, huuliza majirani kiwanja kilikuwa na nini zamani, na vyumba visivyo na njia ya hewa huvikataa hata mteja akichukia. Wapo waliochukia.

Lakini mpango alionao moyoni ni mwingine. Nyuma ya kanisa kuna ukumbi mkubwa usiotumika, na paroko amemruhusu kuujaribu. Kuna mwangwi, mwanga unaingia kila upande, na milango yake iling'oka zamani. Fundi mwenzake amemwambia hapo hatapata picha wala sauti ya maana. Rejimon anataka kufunga humo projekta na spika zilizobaki kutoka kwenye kazi zake, ili kila Jumapili alasiri wazee wa vilima hivi waletwe kutazama filamu pamoja. Ammachi na Omana wamekwisha kuchagua viti.

"Najua sauti itakuwa mbaya," anasema. "Watu watakuwa wanaongea, watakuwa wanatafuna. Sawa tu. Nataka chumba ambacho mtu akipitiwa na usingizi, yupo wa kumgusa bega."