Gofri za misalaba za Maman Marguerite

"Maman, kwa nini haukukamata ile ya maua?"

Nilimuuliza hivyo jirani yetu, Maman Marguerite, tukitoka sokoni Kamembe, upande wa Rwanda, mwaka 1997. Nilikuwa na miaka minane na maswali mengi kuliko meno. Akaniambia nitazame njia, nisije nikajikwaa.

Maman Marguerite alizaliwa Bukavu. Vita vilipoanza kule mwishoni mwa 1996, alivuka mto Ruzizi na baba yake, Mzee Twagirayezu, wakiwa na godoro moja na redio. Tangu hapo Mzee alikuwa hali chakula. Uji aliusukuma, viazi vitamu alivitazama kama wageni wasiobisha hodi. Shati likaanza kumning'inia. Kila asubuhi maneno yalikuwa yaleyale: kwake Bukavu watu wanakunywa chai na gofri, vile vikate vya vishimo, na vita vikitulia atarudi kuzila nyumbani kwake.

Basi Maman akaamua gofri zije Kamembe. Tukaenda kutafuta chuma cha kuzichomea, yale mabamba mawili yenye mikono mirefu; unamimina rojo la unga katikati, unafunga, unageuza juu ya mbabula ya makaa. Muuzaji alikuwa na viwili, vyote vimetoka ng'ambo ya mto. Kimoja kizito, kina vishimo na maua pembeni. Cha pili kilikuwa bapa, kimechorwa misalaba midogo. Hata mimi niliona cha maua ndicho chenyewe. Maman alikishika muda mrefu, akakigeuza, akakirudisha. Akalipia cha misalaba.

Kesho yake rojo lilimwagika pande zote, moshi ukajaa jikoni. Kilichobaki kati ya mabamba kilikuwa cheupe, chembamba kama karatasi ya daftari langu, na msalaba katikati. Mzee alipoletewa sahani alivua kofia. Akasimama. Akasema hawezi kukomunika, ameshakunywa chai, na tena hajaungama tangu avuke daraja. Maman akamweleza kwamba ndani mna mayai na sukari. Mzee akajibu kwamba yeye habishani na msalaba.

Siku ya pili vilevile. Jirani mwingine, Vénantie, akapitisha kichwa juu ya uzio: "Maman Marguerite, misa ya kwako ni saa ngapi, tulete batoto?"

Maman hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya baba yake, jinsi ilivyokonda.

Siku ya tatu Mzee akaomba fimbo yake. Akatoka nje ya uzio kwa mara ya kwanza, akapanda mwenyewe hadi parokiani, akapanga foleni ya kitubio nyuma ya wanafunzi. Alirudi na habari: padri amesema mkate usiopita misani ni mkate tu, hata jamu inaruhusiwa. Akala kumi na moja. Kila moja aliifanyia kwanza ishara ya msalaba, kwa hiyo chai ya asubuhi iliisha karibu saa sita.

Mzee alifariki mwaka juzi, na jeneza lake liliwatoa jasho wanaume sita. Mwaka huu, 2003, nimemkuta Maman akipaka chuma chake mafuta, nikamuuliza tena swali langu.

"Ile ya maua ilikuwa yetu," akasema. "Papa angeiona tu, angejua nyumba yetu balishaipora. Angekataa kula kabisa." Akageuza bamba, akapaka upande wa pili. "Na ule muuzaji aliniomba bei ya mupya."