Ramani ya boti ya wagonjwa Kigoma: API key ilikuwa inakufa kila siku mchana, mchawi nikamkuta Ujiji

Wakuu, heshima zenu nyote, wa zamani na mliojiunga juzi.

Ninachoandika hapa nilikiishi kwa mwili wangu. Nikiongeza chumvi hata kijiko kimoja, mods nipigeni ban bila kunionya. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni fundi simu wa Buzebazeba, hapa Kigoma. Code nilijifunza mwenyewe kwa kuunga unga, usiku bando, mchana kioo cha Tecno. Kwa hiyo ma-engineer mliosoma vyuo vikuu, kuna sehemu humu mtacheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Miaka ile Warundi walikuwa wanavuka kwa wingi kukimbia machafuko kwao. Wengi wao walikuja kwa boti na kushukia kwenye mialo ya kaskazini, zile fukwe za wavuvi ambazo gari halifiki kabisa. Mlima uko mgongoni, ziwa liko usoni. Mgonjwa akizidiwa kule, njia ni moja tu, majini.

Kulikuwa na shirika dogo lenye boti ya wagonjwa. Muuguzi wake nitamwita Mama Konsolata, mama wa Kiha, mfupi, haongei sana ila akiongea unakaa vizuri. Alikuja kibandani kwangu kubadilisha kioo, akaanza kunieleza shida yake.

Watu wanapiga simu kuomba boti, lakini ni wageni, hawajui majina ya mialo. Ukimuuliza uko wapi, anakwambia niko ufukweni, penye mawe.

Wakuu, Tanganyika nzima ina mawe.

Nikamwambia mama nipe wiki tatu.

Nikamuita rafiki yangu Faraji wa Mwandiga, tulisoma wote sekondari, naye ana ugonjwa wa code kama mimi. Tukatengeneza app. Mwenye simu kule mwaloni anabonyeza kitufe kimoja, nahodha wa boti anaona kidoti chekundu kwenye ramani. Basi. Hakuna maelezo.

Ramani yenyewe hatukuichora sisi, tuliiomba kwa kampuni moja ya mtandaoni huko Marekani. Wanakupa API key, yaani mlolongo wa herufi na namba ambao app yako inauonyesha mlangoni ili ipewe ramani. Ukiutumia kupita kiwango cha siku wanakufungia, mpaka siku mpya ianze. Siku mpya ya kwao, sio yetu. Usiku wa manane wa Marekani huku Kigoma ni saa nne asubuhi, jua linawaka.

Sasa mimi kwa ujanja wangu sikutaka key iibiwe. Nikaificha kwenye server, nikaandika kwamba kila simu ipewe key ya muda, inayoishi nusu saa. Ikifa, simu inaomba nyingine. Nilijiona mtaalamu kweli kweli. Nilimwonyesha hadi mama yangu mzazi, akasema vizuri mwanangu, umekula?

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda bam bam. Boti ilichukua wagonjwa bila kupotea hata mara moja.

Halafu Ramadhani ikaingia.

Siku ya tatu ya mfungo, simu ya Mama Konsolata: ramani imekuwa ya kijivu, kidoti hakionekani. Nikafungua kwenye simu yangu, kijivu. Nikaingia kwenye akaunti, nikakuta tumemaliza kiwango cha siku nzima saa sita mchana. Boti moja! Kiwango kile kingetosha mji mzima kutafuta chipsi.

Kesho yake ikafufuka saa nne asubuhi, saa sita ikafa. Keshokutwa hivyo hivyo. Faraji akasema labda app imesilimu na inafunga. Sikucheka.

Nikaanza kupambana. Nikafuta key, nikatengeneza mpya. Ikafa, maana kiwango ni cha akaunti nzima, kubadilisha key ni kubadilisha kofia tu. Nikazuia key isikubali ombi lolote nje ya server yangu. Ikafa. Nikapunguza ukubwa wa ramani, nikaondoa picha za satelaiti. Ikafa. Na kwenye simu yangu, ndani ya zile saa mbili za uhai, ilikuwa inafanya kazi safi kabisa.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo nakionea aibu.

Nikajisemea, key imevuja. Na anayeijua ni mimi na Faraji. Nikampigia nikamuuliza kama ameiuza au ameiweka kwenye project zake za pembeni. Akasema, "Kaka, ukimaliza kutafuta mwizi nitafute," akakata.

Siku nne hatukuongea. Kwa mimi na Faraji hiyo ilikuwa rekodi.

Jumatano Mama Konsolata akaja mwenyewe kibandani. Hakukaa.

Alikuja kwa ajili ya binti mmoja, Jeanine, Mrundi wa miaka ishirini na kitu. Ana mimba ya mapacha, na uzazi wake wa kwanza ulimponza, mtoto alikufa na yeye aliponea chupuchupu. Mama Konsolata alikuwa amembembeleza aje mjini asubirie hospitali. Akakataa. Mumewe alibaki ng'ambo, aliahidi kuvuka, na Jeanine alikuwa anatembea mwalo hadi mwalo na tumbo lile, kila boti inayoshusha watu anauliza. Leo yuko huku, kesho kule. Jirani yake ndiye aliyekuwa na simu yenye app, wakitembea pamoja.

Mama akaniambia, "Huyu siku zake zimefika. Uchungu ukimuanza na ramani yako iko hivi, nitamtafuta kwa kupiga kelele ufukweni. Na mialo ni kumi na moja."

Akaondoka. Wakuu, siku ile nilifunga kibanda mapema.

Alhamisi nikaamua niende kwa mtu ambaye sikuwahi hata kumfikiria. Nahodha wa boti, Mzee Sefu, mwenyeji wa Ujiji. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni kwake. Nikamkuta barazani, nikamwamkia, nikamwomba simu yake niiangalie.

Kuishika tu, nikaiachia. Ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni.

Mzee akaniambia ndivyo ilivyo tangu mwezi uanze, na chaji haifiki adhuhuri. Alidhani ni betri. Alikuwa amenuia baada ya Idi aniletee nibadilishe.

Nikaichomeka kwenye laptop nisome kumbukumbu za app. Nikaona hivi: key imepokelewa. Key imekwisha muda. Key imepokelewa. Key imekwisha muda. Sekunde ile ile, mistari inashuka kama mvua ya masika. Simu inapewa key ya nusu saa, inaiangalia, inasema hii imekufa, inatupa, inaomba nyingine. Maelfu kwa maelfu, na kila ombi linahesabiwa kwenye kiwango chetu cha siku.

Mwizi wetu alikuwa barazani Ujiji, amevaa kofia ya Mzee Sefu.

Lakini kwa nini? Nikaangalia saa ya simu yake, saa saba na dakika tano. Yangu, saa saba na dakika tano. Sawasawa kabisa. Nilikaa pale nakodoa macho mpaka mke wa mzee akauliza kama kijana ana homa.

Nikaingia settings. Kwenye majira ya saa pameandikwa Bujumbura.

Niliruka wakuu. Niliruka barazani kwa watu, mwezi mtukufu, watu wamefunga na wamechoka, mimi naruka kama nimeshinda bahati nasibu.

Mnaokaa mwambao wetu mnalijua hili. Ukienda kaskazini simu inanasa mtandao wa Burundi, na wenzetu wako nyuma kwa saa moja. Simu inarudi nyuma yenyewe. Mzee Sefu akanieleza kwamba siku ya kwanza ya mfungo alikuwa na boti kule juu, jua limezama kwenye mawingu ya upande wa Kongo halionekani, simu inamwambia bado saa nzima. Akakaa na tende mkononi. Alipofika mwalo uliofuata akakuta wenzake wameshafuturu zamani na wanasukutua.

Akakasirika. Papo hapo akazima saa ya kujirekebisha yenyewe, akasogeza mshale kwa mkono mpaka ikalingana na saa ya msikiti.

Kwa macho ilikuwa sahihi. Ila moyoni simu iliendelea kuamini iko Bujumbura. Na kama Bujumbura ni saa saba, basi Tanzania ni saa nane. Yaani simu ya mzee ilikuwa inaishi saa moja mbele ya dunia nzima, na key yangu ya nusu saa ilikuwa inamfikia ikiwa maiti.

Nikamwomba nirudishe settings. Akaichukua simu yake akaitia mfukoni.

"Saa yangu usiiguse," akasema. "Mimi saa yangu inanipeleka futari. Kama ramani yako haijui kusoma saa, ifundishe."

Nilitaka kubisha. Halafu nikaona mzee ana haki. Na kesho wenye app wangapi mwambao mzima watafanya vile vile? Nitazunguka nawarekebishia saa mmoja mmoja mpaka lini?

Nikatoka nje nikampigia Faraji. Sikuanza na code, nilianza na samahani. Nikamwambia nimemkuta mwizi, na aliyekosea tangu mwanzo ni mimi. Akauliza niko wapi. Baada ya saa moja pikipiki ikamshusha Ujiji na laptop begani.

Yeye ndiye aliyetoa dawa, na naiandika hapa ili heshima yake ibaki. Alisema, tusiiambie simu key inakufa saa ngapi. Tuiambie imebakiza dakika ngapi. Saa ya mtu inaweza kuwa ya Bujumbura, ya Muscat, au ya mwaka kesho, lakini dakika thelathini ni dakika thelathini popote. Simu ihesabu tu kama refa.

Tukaandika jioni ile ile. Tukaweka na breki, simu ikikataliwa mara tatu ikae kimya dakika moja. Tukaijaribu kwenye simu ya mzee, mistari ikatulia. Simu ikapoa. Mzee akaishika akasema alhamdulillahi, imepona homa.

Ila kiwango cha siku kilikuwa kimeshakwisha. Ramani ingefunguka Ijumaa saa nne asubuhi.

Ijumaa saa tatu na robo simu ikaita. Mama Konsolata. Yule jirani wa Jeanine amebonyeza kitufe, akapiga na simu, uchungu umeanza tangu alfajiri, nyuma akasikika mtu analia, simu ikakatika. Wako wapi? Ufukweni.

Nikakimbilia Kibirizi, boti inakoegeshwa. Mzee Sefu alishawasha injini, mama ameshapanda na begi lake. Nikaingia. Mzee hakutaka kusubiri, akasema tupande kaskazini, ramani itatukuta njiani.

Nilikaa nimeishika ile simu kwa mikono miwili. Tukapita mwalo wa kwanza, Mama Konsolata akapaza sauti, watu wakatikisa vichwa. Wa pili, hivyo hivyo. Tukapita na rasi moja ya mawe, mzee hakuingia nyuma yake kwa sababu pale hapakai watu.

Saa nne kamili. Kijivu.

Saa nne na dakika moja. Kijivu. Nikaanza kuomba, na mimi siyo mtu wa kuomba.

Saa nne na dakika mbili kipande kimoja cha ziwa kikatokea. Kikafuata kingine. Mlima. Ufukwe. Halafu kidoti chekundu.

Kilikuwa nyuma yetu. Nyuma ya ile rasi, pale pasipokaa watu.

Nikamwonyesha mzee. Akageuza boti mpaka maji yakaingia ndani.

Tuliwakuta wanawake wanne wameshika kanga kumzungushia, na Jeanine katikati, mchangani, amelowa jasho. Alikuwa ametembea pale alfajiri kwa sababu aliona boti kwa mbali akadhani ni ya mumewe. Mama Konsolata akampima, akatuangalia, akasema mtoto wa kwanza amekaa vibaya, twendeni.

Alifanyiwa upasuaji mjini mchana ule. Mapacha, wa kike na wa kiume. Wote wazima, na mama yao mzima.

Nilichojifunza? Kwa wana code: msiiamini saa ya simu ya mtu yeyote, na kitu kikigoma kwa mtumiaji huku kwako kinafanya kazi, fungeni laptop mwende mkaishike simu yake. Wiki nzima nilikuwa napekua server, na jibu lilikuwa mfukoni mwa mzee ambaye sikuona sababu ya kumuuliza. Na kwa wote: kabla hujamwita rafiki yako mwizi, hakiki hesabu zako. Faraji alinisamehe, lakini ile simu niliyompigia siwezi kuifuta.

Jumapili nilikwenda wodini. Jeanine alikuwa amekaa, mmoja amelala, mmoja ananyonya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akaniangalia sana, akauliza, "Ni wewe ulituona?"

Nikaanza kumweleza habari za key, server, saa ya Bujumbura. Akasikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa maneno.

Akatikisa kichwa. "Pale nililia nikasema hakuna mtu anajua mimi niko hapa. Kumbe ulikuwa unanitafuta."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya wodi, nikalia kama mtoto.

Haya wakuu, nimemaliza. Aliyewahi kuchezewa na saa ya mpakani, au anayeona code yangu ingeandikwa vizuri zaidi, uwanja ni wake. Matusi pia napokea, ila ya Faraji yanatangulia.