Unga Uliofia Dirishani

Wanawake waliolima maharage walimwita Mama Vinundu, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na tabia yake. Akifika shambani, kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshachuchumaa na kuchimbua mche wa maharage na mizizi yake yote, akitafuta vinundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Akikipata kimoja, anakipasua kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu kama wa ufizi, dalili kwamba kinafanya kazi, anatabasamu peke yake. Kikiwa cheupe, anahamia mche mwingine.

"Mwangalieni," shangazi yake alikuwa akisema. "Kasoma mpaka vitabu vimemwishia, sasa anasoma mizizi."

Alikuwa mtaalamu wa vijidudu wa udongo katika taasisi ya utafiti. Maabara yake ilikuwa chumba chembamba mwisho wa ukumbi, chenye friji iliyounguruma kama mtu mwenye mafua. Humo aliwakuza vijidudu wanaojenga vile vinundu na kuulisha mmea kwa hewa, ili mkulima asihangaike na mbolea. Aliwachanganya na unga wa udongo mweusi, akaufunga katika pakiti nyeusi za nailoni nzito, kisha akaupeleka mwenyewe kwenye kikundi cha shangazi yake, ndani ya boksi la barafu lililofunikwa kwa blanketi. Aliwasimamia wakichanganya unga na mbegu kivulini, na wakapanda asubuhi ileile.

"Bado unatuletea uchafu wako?" shangazi alimtania.

"Uchafu wenye uhai, shangazi. Usiuanike tu."

Maharage ya kikundi kile yalistawi, na habari zikasambaa. Ndipo ukaja mradi wa kuwasaidia wanawake wanasayansi wawe wajasiriamali. Nia yake ilikuwa njema. Wanawake wengi wamezeeka maabara, na kazi yao imeishia kwenye makabati. Mama Vinundu alichaguliwa, akaombewa kibali cha kuuza, akatafutiwa duka la pembejeo lililotazama barabara kuu. Yote hayo yalikuwa msaada wa kweli, na alishukuru.

Mratibu wa mradi alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye haraka ya kuona matunda. Alishika pakiti nyeusi kwa ncha za vidole.

"Dada yangu, hii inafanana na sumu ya panya. Nani ataisogelea?"

"Ni kwa ajili ya jua. Jua linawaua."

"Tuweke pakiti angavu, unga uonekane, na picha yako juu. Tuzipange pale dirishani, na picha yako kubwa ukiwa umeshika pakiti tuibandike kwenye kioo. Wageni, wafadhili wetu, wanakuja kuona mafanikio."

"Lakini pale dirishani jua linapiga kutwa nzima."

"Ni mpaka wageni waondoke tu. Mambo ya maabara yaache kidogo, mama. Hapa wewe ni mfanyabiashara."

Hapo ndipo alipopaswa kukataa. Alijua. Lakini alikuwa amechoka kuitwa mgumu, mtu asiyejua soko, na mbele yake alisimama mwanamke mwenzake aliyempigania. Akanyamaza. Watu wengi huanguka hivyo, kwa kuona haya tu, na wala si kwa tamaa.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaenda zao. Pakiti zilibaki. Mwenye duka alizipenda palepale, kwa kuwa wapita njia walisimama kuzitazama. Mama Vinundu hakupata tena nafasi ya kubeba boksi la barafu. Aliitwa kwenye semina, akafundishwa kuongea jukwaani. Msimu ulipofika, kikundi cha shangazi kilinunua dukani.

Hata hivyo hakuacha kupima. Kwa kila unga aliotengeneza alihifadhi pakiti moja kwenye friji ya maabara, na kila alipoipima aliwakuta vijidudu hai, wamejaa tele. Alijituliza kwa pakiti ile. Aliipima iliyolala kwenye baridi, asiiguse iliyokaa juani.

Majani ya maharage yalipoanza kuwa ya manjano, shangazi alimpigia simu. "Njoo uone watoto wako. Nadhani wamegoma."

Alichimbua mche wa kwanza. Mizizi ilikuwa mitupu, kama uzi. Akachimbua wa pili, na wa tatu. Wanawake waliutazama ukucha wake usio na cha kupasua. Alikwenda dukani, akachukua pakiti ya dirishani, akaipima. Baada ya siku chache, vyombo viwili vya kukuzia vijidudu vilikaa mezani pake: cha friji kilijaa ukungu mweupe wa uhai, cha duka kilikuwa safi kama kilichooshwa.

Alimpigia mratibu.

"Usiseme kitu sasa," mratibu alisema. "Wafadhili wanarudi karibuni. Mvua si ilikuwa haba? Sema ni mvua."

Mvua kweli ilikuwa haba. Uongo ulikuwa tayari, umeiva, na hakuna mkulima ambaye angeubishia.

"Na msimu ujao wakinunua tena?"

"Msimu ujao tutakuwa tumerekebisha. Mama, usijichome mwenyewe. Fikiria na wenzako wanaokufuata."

Akakata simu, akaenda kwa shangazi. Kikundi kilikuwa kimekaa uani kikipukuchua mahindi. Aliwaeleza akiwa amesimama: unga uliowekwa juani hufa, yeye alijua hivyo, na hakuzuia.

"Kwa hiyo si mvua?" mmoja aliuliza.

"Si mvua. Ni mimi."

Hakuna aliyefoka. Walirudi kwenye mahindi yao, na punje zikaendelea kudondoka kwenye beseni. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Mimi ndiye niliyewaambia wakuamini, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Lakini usiwaletee tena kitu. Si sasa."

Alizikusanya pakiti zote za dukani, akazifukia nyuma ya maabara. Mradi ulimwondoa, kwa maelezo kwamba hakuwa tayari kwa soko. Hilo ni neno la aibu, na aibu yenyewe si yake peke yake. Msaada unaomtaka mwanasayansi aache anachokijua mlangoni ndipo aingie, unamuua kama jua lilivyoua unga ule.

Siku hizi anapima udongo wa watu wengine, kazi ya kuletewa na kurudisha majibu. Shangazi humpigia simu, wanaulizana afya. Maharage hawayataji.

Mwenye duka alisahau kuibandua ile picha. Bado ipo dirishani. Jua limeifuta macho na mdomo, na kilichobaki kuonekana vizuri ni mkono ulioshika pakiti.