Suruali ya Mzee Thadeus

Nilivaa koti la jeshi, zito, la kufika magotini, mwezi wa Januari, Moshi mjini, saa sita mchana. Makusudi kabisa.

Nilikuwa natafuta mke.

Msicheke kwanza. Nina miaka tisini na mbili sasa, sina sababu ya kuwadanganya.

Mwaka 1955 nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la nguo la Bwana Prakash. Nikampenda Mektrida wa Kirua Vunjo. Jamani, nilimpenda mpaka nikawa nashona huku nacheka peke yangu.

Nikapanda mlimani kujitambulisha. Baba yake, Mzee Thadeus, baada ya shikamoo hakuuliza ukoo wala nini. Alinishika viganja, akavipapasa. Laini.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nashona nguo, mzee."

"Unashona umesimama?"

"Hapana, nimekaa."

Akamgeukia mkewe. "Huyu anakaa. Halafu anaita kazi!"

Kwao kazi ilikuwa kuchimba mfereji na kupalilia kahawa. Kwa wanawake, kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani. Mektrida alibeba mizigo hiyo tangu akiwa mdogo.

"Alhamisi nitashuka nikuone," mzee akasema. "Nikiona kazi, utaoa. Nisipoiona, usirudi hapa."

Nikarudi mjini roho mkononi. Nikamweleza fundi mwenzangu, Fikirini.

"Mzee anataka jasho huyo," akasema. "Mpe jasho, bwana! Koti langu la jeshi si lile pale?"

Alhamisi mzee akatua, suruali yake ya kanisani kwapani. Pindo la mguu wa kushoto lilikuwa limefumuka.

"Anza na hii. Na hilo koti la nini?"

"Ana homa ya kazi," Fikirini akadakia.

Weee! Nilikanyaga ile cherehani utadhani nafukuzwa na nyuki. Jasho linaingia machoni, sioni mbele, nakanyaga tu. Fikirini anachochea, "Kazi hiyo! Kazi hiyo!" Mzee anatazama tu. Mimi moyoni nishaoa, nishapata na watoto.

Nikamkabidhi. Akaingia nyuma ya majora kuivaa.

Tukasikia puu!

Mzee yuko chini. Ule mguu wa kushoto nilikuwa nimeushona ukafunga kabisa, hauna pa kutokea. Bwana Prakash alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Fikirini sijui alipitia wapi. Mimi nikatamani jani la sale, lile la Wachagga la kuombea msamaha, lakini mjini utalipata wapi?

"Jasho nimeliona," mzee akasema palepale sakafuni. "Kazi yenyewe iko wapi?"

Nikaichukua ile suruali. Nikavua koti, nikakaa. Nikafumua uzi mmoja mmoja, taratibu, nikakunja pindo upya, nikalimalizia kwa mkono. Ilinichukua karibu saa nzima. Mzee akavuta kigoda akakaa, akakisogeza, akakisogeza tena, mpaka pumzi yake nikawa naisikia sikioni.

Akaivaa. Akautikisa mguu wa kushoto. Akatembea barazani, akaenda na kurudi kama bwana harusi.

"Hii sasa ni kazi," akasema. "Nimechoka kwa kuitazama tu."

Nikapiga kigelegele, mwanamume mzima!

"Ngoja kwanza. Kwenye mahari ongeza cherehani."

"Utashona, mzee?"

"Ya Mektrida. Kama mtu anaweza kufanya kazi amekaa, mwanangu avunjike shingo na majani kwa nini?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo aibu yangu ilipo. Nilicheka. Nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, cherehani ni kazi ya wanaume! Mwanamke akikaa hapa si atakuwa anacheza tu?"

Mzee akanitazama kwa huruma.

"Wiki iliyopita na mimi nilisema hivyohivyo juu yako."

Nikafyata mkia. Cherehani nikanunua.

Mwaka wa tatu wa ndoa, Mektrida akishona pembeni yangu, wateja walikuwa wakifika barazani wananiruka, wanauliza, "Mama yuko?" Mimi nikabaki na kushona vifungo.

Kwa hiyo wanangu, kabla hujasema ya mwenzako si kazi, sogeza kigoda uitazame inavyofanywa. Mimi ningejua mapema, ningeomba vifungo tangu siku ya kwanza.