Sabufa Haipashwi Moto

Shule mimi niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, darasa la pili, na daftari langu nadhani bado liko pale linanisubiri. Kwa hiyo msiniulize mambo ya umeme nilisomea wapi. Nilisomea kwenye pikapu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, mara maduka ya Singida mjini yakajaa redio mpaka wauzaji wakawa wanakaa nje. Mimi nilikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa. Binti yake alikuwa anaolewa Mtinko siku ya Jumamosi. Jumatano tajiri akarudi kutoka Dar na maboksi matatu: amplifaya moja ya kukuza sauti na sabufa mbili. Sabufa ni ile spika nene ya kutoa besi tu, ile dum dum ya kifuani. Zilikuwa kubwa kama ungo wa kupepetea uwele. Haya, nimezidisha. Kama sahani ya pilau ya watu wanne.

"Dereva, unaweza kuvifunga hivi?"

Neno "siwezi" sijawahi kulitamka tangu nizaliwe.

"Hivi, tajiri? Hivi nafunga nimelala usingizi."

"Usilale. Nyingine kama hizi hakuna mpaka Dar. Nimeshawaambia wakwe kwamba bibi harusi atasikika kabla hajaonekana. Ukiziunguza, usukani unanirudishia, na wewe unarudi Mgori kwa baba yako kwenye mizinga ya nyuki."

Alhamisi asubuhi nikaegesha pikapu nyumbani kwangu. Waya mnene nikaupeleka kwenye betri, nikauwekea fyuzi pale pale karibu, maana fyuzi naijua: inakufa yenyewe ili wenzake wapone. Mwingine nikaufunga kwenye bodi, nilipokwangua rangi. Nikaweka kanda kwenye redio ya gari. Besi ikatoka kama mgonjwa anaomba maji.

Kwenye amplifaya kulikuwa na kidude cha kuzungusha kwa bisibisi. Nikasema hiki ndicho cha sauti, nikakipeleka mpaka mwisho. Sabufa zikaanza kukwaruza kama mtu anachana turubai. Besi bado hakuna.

Nikawaza kwa akili za kwetu. Ngoma ikilegea unafanyaje? Unaipasha moto, ngozi inakaza. Nikakoka magunzi, nikachomoa sabufa moja, nikaielekeza uso kwenye moto. Huku naigonga kwa kidole, nasikiliza kama imekaza.

Mke wangu akatokea kisimani na ndoo kichwani.

"Baba watoto, unapika nini?"

"Napasha besi."

"Mbona inanuka ndala?"

Kweli, raba ya pembeni ilikuwa imeanza kutoa moshi. Mama yule akamwaga ndoo nzima kwenye moto. Nusu ya maji nilikunywa mimi bila kuagiza.

Nikiwa nimekaa pale naona nyuki wa Mgori wananiita, wimbo mwingine ukaanza kwenye kanda, nikasikia dum, dum. Ile sabufa iliyobaki garini, peke yake, ilikuwa inapiga kuliko zilipokuwa mbili! Sasa moja inashindaje mbili? Nikarudisha ile ya moto, besi ikafa. Nikaichomoa, besi ikafufuka. Nilifanya hivyo mara mia, kama si mia basi sita. Hofu yote ikaniisha, nikabaki nataka kujua tu.

"Labda umeiua hiyo," mke wangu akasema. "Hebu ijaribu na betri ya tochi."

Nikazima redio, nikachomoa nyaya zote za sabufa pale kwenye amplifaya. Yeye akaweka viganja, kimoja juu ya kila sabufa. Nikagusisha betri ya tochi kwenye nyaya za moja.

"Imenisukuma mkono. Iko hai."

Nikagusisha nyaya za pili, vile vile.

"Hii imenikimbia. Imeingia ndani."

Tukaangaliana. Ni kama watu wawili wanasukuma gari bovu, mmoja yuko nyuma, mwenzake yuko mbele. Jasho linatoka, gari haliendi. Nikafungua kuangalia: sabufa moja nilikuwa nimefunga waya mwekundu pa mweusi. Nikageuza, nikarudisha kila kitu, nikawasha. Jamani! Kuku wa jirani alitaga mawili kwa mpigo, na yale mawe makubwa mlimani yalisogea kutupisha.

Ila kukwaruza kulikuwepo bado. Hapo ndipo nikamkumbuka baba, nikamwambia mke wangu maneno yake. Nyuki wakiridhika wanavuma, wakikasirika wanakwaruza. Nikakirudisha kile kidude chini kabisa. Redio nikaipandisha mpaka sauti ya juu kabisa tutakayotumia njiani, si zaidi. Halafu bisibisi, pole pole.

"Wamekasirika," akasema mke wangu. "Rudi. Rudi kidogo tena. Hapo."

Kulikuwa na kidude cha pili, cha kuzuia sauti za waimbaji zisiingie kwenye sabufa. Nacho alikisikiliza yeye, mimi nikawa fundi wa kuzungusha tu.

Jumamosi tajiri akaja.

"Shikamoo tajiri."

"Marahaba. Hii raba mbona nyeusi?"

Nikatafuta uongo, na mimi huwa ninao wa kutosha, lakini siku hiyo ghala lilikuwa tupu. Nikamweleza yote, moto mpaka betri ya tochi. Akawasha mwenyewe, akasikiliza kanda upande mzima, mkono kifuani.

"Usukani kaa nao," akasema. "Bisibisi mpe shemeji. Na akae mbele."

Basi tukaenda Mtinko hivyo, mke wangu kiti cha mbele, bisibisi mkononi, bibi harusi akiwa gari la nyuma yetu. Kila nikiona watu wamejaa barabarani, mkono wangu ulikuwa unaiendea redio kuongeza sauti. Na kila ukienda, ananidunga. "Nyuki hao!"

Tulifika sabufa zote mbili zikiwa nzima. Mkono wangu ndio ulikuwa na matundu kuliko chekecheke.