Dereva wa greda aliyewafikisha wana wa Rosalba nyumbani

Jua la Nevada halijachomoza vizuri, na tayari Maite Urrutia amesimama ndani ya greda, miguu ameitanua, mikono yote miwili iko kwenye vyuma vya usukani. Kiti kipo nyuma yake, hakina kazi. Madereva wa rika lake huendesha wima ili waone jinsi bleidi, ule upanga mpana wa chuma chini ya greda, inavyokula udongo.

Ni Jumamosi ya Juni. Mbele yake kuna Korongo la Mbweha, kavu mwaka mzima, ambalo mvua ya juzi Alhamisi ililigeuza kuwa mto kwa dakika arobaini. Mto huo wa dakika arobaini uliondoka na kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, pamoja na hatua sitini za barabara yenyewe. Ng'ambo, maili tisa mbele, kuna Rosalba, mji wa machimbo ya fedha ambao hauna mkazi hata mmoja. Mara moja kwa mwaka, siku kama ya leo, wana na wajukuu wa Rosalba hurudi kuuzuru.

"Nimepewa mpaka saa nne," anasema Maite, 59, bila kugeuza macho. "Magari yasipovuka, mkuu wa barabara anawarudisha wote. Na mwaka huu wakirudishwa, sidhani kama kutakuwa na mwaka mwingine."

Sababu anaijua kila mtu katika Kaunti ya Tolliver. Saa sita kamili mchana, aliyezaliwa Rosalba husimama katikati ya mtaa na kuita majina ya nyumba, moja baada ya nyingine, hamsini na mbili kwa jumla, na wenye nyumba huitika. Ni misingi ya mawe tu iliyobaki, lakini huitwa vilevile. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba siku atakapokosekana mzaliwa wa pale wa kuita, orodha inafungwa. Amebaki mmoja, Bibi Opal Trevithick, mwalimu mstaafu wa miaka 94. Daktari amemkataza safari za jangwani. Yeye amemjibu daktari ashughulike na wagonjwa.

Redio inakoroma. Ni Wendell Hooper, dereva wa lori la kokoto, Mshoshone ambaye watu wake walikuwa hapa kabla kaunti haijapata jina.

"Bosi, umelala?"

"Nimelala wima kama farasi. Kokoto ziko wapi?"

"Hii ni safari ya kumi na tisa."

"Nilisema ishirini na tano. Lori limechoka?"

"Lori liko zima kabisa. Anayelalamika ni mgongo wangu."

"Mgongo mwambie atalala kesho."

Kaunti ina watu mia tisa na maili mia nne za barabara za vumbi, na kwa miaka 31 Maite ndiye anayezikwangua. Analipwa dola 27 kwa saa. Migodi mipya ingemlipa karibu mara mbili, na imeshamwita.

"Niende kule nikafanye nini?" anauliza. "Huku kila anayepita ananipungia mkono. Mgodini nani atanipungia?"

Baba yake alikuwa Mbaski kutoka Ulaya, mchungaji aliyekuja na sanduku moja na kuchunga kondoo wa watu wengine katika milima ya kaunti hii. Maite alijifunza njia hizi kwa miguu, nyuma ya kondoo. Lakini mwito wa majina kule Rosalba hajawahi kuusikia hata mara moja. Kila mwaka hubaki korongoni kuwavuta wanaonasa.

Jana jioni aliweka kibao cha "Barabara Imefungwa" kule njia panda. Saa mbili asubuhi anatazama nyuma na kuona vumbi, kisha gari, kisha magari arobaini. Anazima injini na kushuka, uso umemwiva.

"Kibao hamkukiona?"

"Tumekiona," anajibu Russell Pengelly, daktari wa meno kutoka Sacramento. "Si ndicho kile kilichokuwepo tangu mimi nafunga ndoa?"

Ni kweli: vibao vya kaunti hii huwekwa vikasahaulika, na hakuna anayeviamini tena. Wageni wanakunjua viti barabarani, wanamimina kahawa, wanasalimiana kwa kelele kama watu waliokutana harusini. Hawakai sana. Mmoja anaokota jiwe na kulitupa pembeni, wa pili anafuata, na baada ya muda mfupi watu mia moja wameinama korongoni, suruali safi zikiwa nyeupe kwa vumbi.

"Mgongo wangu unawashukuru!" Wendell anapaza sauti kutoka kwenye lori.

Saa nne kasoro dakika tano, gari la kwanza likavuka. Watu walishangilia mpaka kunguru wakaruka. Lyle, mkuu wa barabara, alikuwa amekuja na saa mkononi. Aliitia mfukoni.

Yakavuka yote, moja moja, isipokuwa la mwisho. Hilo ndilo lililombeba Bibi Opal, gari dogo la mpwa wake, lenye tumbo lililo karibu kugusa ardhi. Lilizama kwenye kokoto mbichi na kukataa katakata. Ilikuwa saa tano na robo, na magari mengine yalikuwa yameshatokomea.

Bibi Opal alifungua mlango, akaelekeza fimbo kwenye greda. "Nipandisheni kule."

"Hairuhusiwi, Bibi Opal," Maite akasema.

"Nani kasema?"

"Mkuu wa barabara."

"Huyu Lyle? Nilimfundisha kusoma mimi, na ilinitoa jasho. Lyle, umesema hairuhusiwi?"

Lyle aligeuka akatazama mlima. "Mimi sioni kitu, mwalimu."

Wendell alimbeba mikononi mpaka kitini, mpwa akamfunga mkanda, na Maite akasimama mbele yake kama kawaida. Kwa maili tisa zile bibi hakunyamaza. "Kanyaga, binti! Bibi harusi mwenyewe hachelewi hivi!" Greda la mwaka 1986 liliungurumia vilima vyote, na lilipoingia Rosalba saa sita kasoro dakika kumi, watu walipiga honi na kulia kwa kucheka.

Saa sita kamili, Bibi Opal akasimama.

"Pengelly!"

"Tupo!"

"Trevithick!" Akajiitikia mwenyewe, "Nipo, nani asiyeniona?"

Nyumba zilizokosa mtu, wote waliziitikia kwa pamoja: "Walikuwepo!" Maite alisikiliza akiwa ameegemea tairi, kofia mkononi. Jina la hamsini na mbili lilipoitikiwa, bibi hakukunja karatasi yake ya majina. Alimgeukia Maite.

"Na wewe, nyumba yako ipi?"

"Sina nyumba hapa, Bibi Opal. Baba alikuwa mchungaji tu."

"Akipita na kondoo alilala wapi?"

"Kwenye hema. Pale karibu na kisima."

"Nalikumbuka hilo hema, lilinuka kitunguu saumu mpaka darasani. Hiyo ni nyumba." Akanyoosha shingo na kuita kwa sauti iliyowahi kutisha watoto wa kaunti nzima: "Urrutia, wa kisimani!"

Maite aliliacha tairi, akasimama wima kama ndani ya greda. Machozi yalimtoka naye hakuyaficha. Akaitika: "Nipo!"

Mwakani anataka kuja na dada yake kutoka mji wa Winnemucca na wapwa zake saba, waitike kwa sauti ya watu tisa, na kuwapikia wote supu ya kitunguu saumu ya baba yao. Kabla ya hapo ana kazi. Jumatatu anarudi korongoni kuweka kalavati pana kuliko lililochukuliwa na maji, na Lyle ameshatia saini.

"Zamani nilikuwa naitengeneza barabara ya watu," anasema, akipanda tena kwenye greda. "Sasa ni barabara ya kwetu. Nitakubalije ikatike?"