Risiti Zilizofutika

Kwenye duka la pembejeo, lile ambalo harufu ya mbolea hukufuata mpaka nyumbani, yuko keshia mmoja ambaye kila mtu humwita Risiti. Jina hilo alipewa na wateja, na tuelewane mapema kwamba hawakumwonea. Mtu akija kununua mbegu au dawa ya kuku, Risiti hakumwachia aondoke na karatasi ya malipo tu. Alimuuliza kwanza kama anajua kuitumia. Akimwona anajikuna kichwa, aligeukia kompyuta ya duka, akatafuta mtandaoni, akasoma huku midomo ikimcheza, kisha akayafupisha yote kwa maneno yake na kuyachapa kwenye karatasi ileile ya risiti. Ilitoka ndefu kama utepe wa kupimia nguo, nakala mbili. Mteja alikunja yake akaenda nayo. Ya pili Risiti aliitia mfukoni, na akifika nyumbani aliiweka kwenye kopo la biskuti.

Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Kopo likajaa: kuchuja maji ya mto kwa mchanga na mkaa, kupika sabuni, kukausha mboga zikae mwaka, kumsaidia mbuzi aliyevimba tumbo, kutunza mbegu zisiliwe na wadudu. Mumewe, fundi cherehani ambaye kazi yake ilikuwa palepale sebuleni, hakukosa la kusema. Wageni wakija aliwaambia kwamba wake za wenzake huficha dhahabu, wa kwake anaficha makaratasi. Na nani atayasoma, aliuliza, wakati kila kitu kimo ndani ya simu?

"Siku simu ikinyamaza utanipigia magoti, baba watoto," Risiti alimjibu. "Nami nitakuambia upange foleni."

Basi siku hiyo ikafika. Mvua ilibomoa daraja kubwa, na waya wa mtandao uliopitishwa chini ya daraja ukaenda na maji. Wiki ya kwanza watu walipanda vilima na kuinua simu juu, kana kwamba mtandao ni tunda la kuangua. Wiki ya pili wakachoka. Wiki ya tatu, asubuhi, dada mkubwa wa Risiti aliingia dukani, akafungua fundo la leso yake juu ya kaunta. Yalikuwa maharage, kila moja lina tundu. Moja lilitikisika lenyewe, akatoka fukusi, akatembea juu ya kitabu cha mauzo bila wasiwasi.

Dada alieleza polepole. Mafuriko yalikuwa yamemwachia magunia mawili tu, na hayo ndiyo ya kupanda. Kupanda ni baada ya mwezi. Dawa ya kuhifadhi ilikuwa imekwisha dukani, na lori lenye mzigo mpya limekwama ng'ambo ya daraja.

"Mdogo wangu, yakiisha haya mimi sina mbegu," alisema. "Na huku hakuna jirani mwenye ya kuniazima."

Risiti alimvutia kiti. "Hilo lisikutishe, dada. Dawa yake ni majivu, na kipimo ninacho kwenye kopo."

Mchana wakaenda nyumbani pamoja. Kopo lilikaa kwenye rafu juu ya jiko, pahali palipochaguliwa makusudi ili unyevu usilifikie. Risiti akaliteremsha, akafungua, akatoa utepe wa kwanza. Mweupe. Wa pili, mweupe. Akamwaga zote mezani. Zilizokuwa juu zilifutika kama hazikuwahi kuandikwa, na zilizogusa upande wa jiko zilikuwa nyeusi tii.

Karatasi ile, kwa asiyeijua, haina wino. Mashine huiandika kwa joto, na joto hilohilo likizidi huiharibu. Likikosa kuiharibu, muda huimalizia kazi. Risiti alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Yeye ndiye aliyewaambia wateja kila siku wapige kopi ya risiti zao wakitaka kurudisha bidhaa, maana zitafutika. Hata siku moja hakujiambia mwenyewe.

Mume aliacha cherehani, akaja kuzigeuza moja moja, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Risiti alizikusanya zote, akazirudisha kwenye kopo. Kisha akauliza, "Hiki kipimo niliwapa watu wangapi?"

Alikumbuka watatu, na kesho yake akawafuata kwa miguu. Fundi matofali, aliyekuwa amejaa udongo hadi kwenye nyusi, aliapa kwamba ni kikombe kimoja cha majivu kwa debe zima. Mwalimu mstaafu alisema hapana, ni kopo moja kwa makopo manne ya maharage, na akafungua kitabu alimohifadhi utepe wake ili athibitishe. Mweupe. Akaugeuza, akautazama upande wa pili, akaurudisha kitabuni kwa heshima. Mama Mayai, mfugaji wa kuku, utepe wake aliuwashia moto zamani, ila alikumbuka kwamba alichanganya nusu kwa nusu mpaka maharage yakapotea machoni.

Watu watatu, vipimo vitatu. Dada akataka wachague kimoja, yaishe.

"Nikikisia nikakosea, nimekuulia shamba," Risiti alisema. "Nipe siku saba."

"Siku saba hao wanakula tu."

"Waache wale. Lakini nijue."

Akamwagiza dada ayaanike maharage juani kila siku na kuyachekecha, angalau wadudu wakose raha. Yeye alikata shingo za chupa tatu za plastiki, akatia maharage, akachanganya majivu makavu yaliyopoa na kuchekechwa, kila chupa kwa kipimo cha mtu mmoja. Akahesabu fukusi kumi walio hai kwa kila chupa, akawaingiza kwa kijiti, akafunga kwa kitambaa. Mume alitangaza kwamba nyumba sasa ina wapangaji thelathini na hakuna anayelipa kodi. Lakini kitambaa ni yeye aliyekikata.

Siku ya saba wakamwaga chupa kwenye sinia, moja moja. Ya fundi matofali: wote kumi wazima, na mmoja juu ya mwenzake. Ya mwalimu: wanne bado wanatembea. Ya Mama Mayai: hakuna aliyetikisika. Dada alizichokoa maiti kwa kidole, akaanza kufunga leso kiunoni.

Kazi ikawa kupata majivu ya kutosha magunia mawili. Waligonga kwa mwoka mikate, kwa majirani, kwa mama wa chai, ndoo kwa ndoo, siku mbili mfululizo, wakayachanganya na maharage nusu kwa nusu, mpaka nyusi za wote wawili zikawa za bibi kizee. Risiti hakuishia hapo. Alikunja mbegu ishirini kwenye kitambaa kibichi aone kama zina uhai. Zikachipua kumi na tatu. Dada alinuna kidogo kwa zile saba, kisha akasema atapanda mbili kwa kila shimo.

Alipanda. Wiki hiyohiyo mafundi walirudisha waya, simu zote zikalia kwa pamoja. Fundi matofali akaja dukani akicheka, akitaka achapiwe utepe mpya wa majivu.

Risiti alimsukumia daftari lenye jalada gumu na penseli. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vipimo vyote vitatu, pamoja na chake, na pembeni imeandikwa: wote kumi walipona.

"Hata kosa langu umeliandika?" aliuliza.

"La kwako ndilo la kwanza, ili mwingine asilirudie. Kaa hapo, kaka, unakili kwa mkono wako. Daftari hili simwazimi mtu."

Jioni mume alifunua ukurasa wa pili. Juu paliandikwa "Sabuni", chini hapakuwa na neno. Akauliza mbona asijaze sasa, na mtandao umerudi.

"Nimeshasoma huko," Risiti alisema, akikunja mikono ya blauzi. "Bado sijaipika. Sogeza cherehani yako, nahitaji meza."